Fundi Aliyeniita Kidebe

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Niliingia Toronto na begi moja, koti la kuazima, darasa la saba kichwani na Kiingereza cha kuombea maji. Leo nina magari matatu ya kuzoa theluji, nina nyumba ya ghorofa hapa mtaa wa Malvern, na vijana wenye digrii zao wananiita bosi. Nimeshaona mengi, na hakuna lililonitoa jasho. Kwa hiyo nikikwambia kwamba jioni moja miguu yangu hii iligoma kupanda ngazi za nyumba niliyoinunua mwenyewe, usidhani nakutolea hadithi. Haya yalinikuta mimi, nikiwa na akili zangu timamu.

Yalianza na kompyuta. Ile ya mezani, tuliyoiweka besimenti, chumba kile cha chini ya nyumba. Ilikuwa imezeeka. Unaiwasha, unakwenda kuswali, unarudi, ndiyo kwanza inazunguka. Binti yangu Zuhura, ambaye yuko chuoni mji mwingine, alinieleza kwa Kiingereza chao kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, unatakiwa mfumo mpya. Nikaulizia dukani, wakaniambia dola mia na themanini. Mia na themanini kwa kazi ya kubonyeza bonyeza? Nikaondoka.

Mke wangu, Rukia, akanicheka kweli. "Baba Zuhura, choo umejenga mwenyewe, paa umeezeka mwenyewe, leo umeshindwa na kimashine?"

Ningekuwa peke yangu na kimashine ningekijaribu. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu ambacho sikutaka kukichezea. Kulikuwa na sauti ya mama yangu.

Mama alifia nyumbani Muheza wakati karatasi zangu za hapa hazijakamilika. Ningetoka nisingerudi. Sikumzika. Siku zake za mwisho dada yangu alimrekodi kwa simu akanitumia, na simu yangu ilipokufa, ile rekodi ikabaki kwenye kompyuta tu. Ni fupi. Mama anaanza kwa kuniita, "Kidebe. Kidebe wee." Halafu anatulia kidogo, unasikia mvua kwenye bati, halafu ananisalimia na kuniombea dua. Kidebe ni jina alilonipa yeye, kwa sababu tangu mtoto nilikuwa sinyamazi. Hapa Kanada analijua Rukia peke yake, naye haruhusiwi kulitumia.

Basi nikaandika kwenye kundi la simu la watu wetu: natafuta fundi wa kompyuta, mwaminifu, bei ya kindugu. Watu wakatuma vichekesho. Namba moja tu, haina picha, haina jina, ikajibu: "Nitakuja magharibi." Nikaweka alama ya dole gumba. Niamini, sikumpa anwani. Hilo nililikumbuka baadaye.

Januari hapa magharibi inaingia mapema, saa kumi na moja na nusu huoni mkono wako. Rukia alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumia. Nipo besimenti, theluji inashuka nje, mara nasikia mlango wa ubavuni: "Hodi."

Sasa wewe niambie, Toronto nani anabisha hodi? Watu wanabonyeza kengele, au wanakupigia simu wakiwa kwenye gari. Miaka yangu yote huku sikuwa nimelisikia neno hilo mlangoni kwangu. Moyo ulifurahi, nakwambia kweli. Nikasema, "Karibu."

Akaingia mtu mwembamba, koti jepesi la kahawia, si kijana si mzee. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, kile cha kuvuta maneno. Nikamuuliza nyumbani wapi, akasema huko huko. Nikamtolea chai, akasema amefunga, ingawa magharibi ilishaingia. Nikamuuliza bei, akasema tutaelewana. Nilimwonyesha kompyuta, nikamwambia afanye lolote lakini asiguse sauti ya mama.

"Haitapotea," akasema. "Nitamhamisha."

Alisema *nitamhamisha*. Hakusema nitaihamisha. Nilidhani ulimi umeteleza.

Hakuwa na mkoba, hakuchomeka kitu chochote. Aliweka vidole, na kioo kikawa cheusi, kikaanza kuhesabu asilimia. Duka lilisema kazi ya siku nzima. Yeye aliimaliza, chai yangu ikiwa bado inatoa moshi. Kompyuta ikafunguka kabla sijapepesa, picha zote zipo, rekodi ya mama ipo kwenye faili lake. Nikajisemea, umeona? Mia na themanini zangu ziko mfukoni.

Akasema limebaki jambo moja. Mfumo huu mpya unamtambua mwenye nyumba kwa sauti. Yeye ataniita, mimi niitike, basi. Hilo halikunishtua, siku hizi hata simu zinasikiliza watu. Akainama nyuma ya meza, kama anayetengeneza waya, simwoni, na kutoka kule akaita:

"Kidebe."

"Labeka," nikasema.

Sikufikiri. Kwetu ukiitwa na mzazi huitiki "nini", unaitika "labeka", na mdomo wangu ulikuwa umeitika jina hilo tangu sijaota meno. Lakini kwetu kuna na jambo la pili, mama alitufundisha kwa fimbo. Jua likizama usiitike mpaka umwone anayekuita. Ukiitika kabla ya kumwona, umempa sauti yako, na atakwenda kuitumia apendako.

Akainuka taratibu, akatabasamu. "Imekukubali," akasema. Nikamuuliza jina hilo kalitoa wapi. Nikageuka kuchukua pochi kwenye koti langu nimlipe, na nilipogeuka tena chumba kilikuwa kitupu. Mlango wa ubavuni unalia kama paka ukifunguliwa. Haukulia.

Nikatoka nje na tochi. Mimi theluji naisoma kama wewe unavyosoma gazeti, ndiyo kazi iliyoninunulia nyumba. Nakwambia ya pale mlangoni ilikuwa imeshuka tangu mchana, laini, imefika kwenye kifundo cha mguu. Haikuwa na alama. Si ya kuja, si ya kuondoka.

Rukia aliporudi sikumwambia. Ningeanzia wapi? Mimi, wa kuogopa fundi?

Kesho yake jioni niko Mississauga, mji wa jirani, nazoa theluji kwenye maegesho ya magari, simu ikalia. Rukia.

"Baba Zuhura, mbona umerudi kimya kimya? Unaniita huko chini, halafu nikichungulia ngazini taa imezimwa."

"Umeitika?"

"Sijaitika. Nilikuwa kwenye sala. We una nini, mbona unahema?"

"Mimi niko Mississauga."

Na kwenye simu, nyuma yake, mbali kidogo, nikajisikia mwenyewe. Sauti yangu hii hii, na kikohozi changu, ikisema kwa upole: "Mama Zuhura, njoo mara moja."

"Anaita tena," Rukia akanong'ona.

"Usiitike. Usichukue koti. Toka."

Alikimbia na viatu vya ndani mpaka kwa jirani. Sijui niliendeshaje gari. Nilipofika nyumba ilikuwa kimya, na mwanamume mwenye akili angeondoka zake. Lakini mama yangu alikuwa kule chini, unanielewa? Nikashuka. Kompyuta ilikuwa inawaka, na mimi niliizima asubuhi. Nikafungua rekodi, nihakikishe tu kwamba ipo.

"Kidebe," mama akaita. "Kidebe wee."

Halafu pale palipokuwa na mvua tu miaka yote, mtu akaitika: "Labeka." Sauti yangu ya sasa, nzito, ya mtu mzima.

Mvua ikaendelea kwenye bati. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema kwenye rekodi ile, na nimeisikiliza mara zisizo na hesabu.

"Nani wewe? Wewe siye."

"Labeka, mama," ile sauti ikasema, karibu zaidi.

"Kidebe," mama akasema, na sasa alikuwa analia, "popote ulipo, usiitike, mwanangu."

Niling'oa waya ukutani. Kioo kikafa. Na kwenye giza lile, kwenye mashine isiyo na umeme, ile sauti ikaitika mara moja zaidi, taratibu, kama mtu anayenikubalia mimi. Hapo ndipo miguu ilipogoma. Nilipanda zile ngazi kwa magoti na mikono.

Msimamizi wa kundi la simu aliniapia kwamba namba ile hakuiona kamwe, na kwenye simu za wengine swali langu halina jibu ila vichekesho. Shehe akaniambia niivunje mashine. Niivunje na mama ndani? Duka nalo likasema wanaweza kuitoa rekodi, ila lazima waiwashe. Sikuthubutu. Basi nimeifunga kwenye kanga ya mama aliyonitumia dada, nimeiweka kwenye chumba cha kukodi cha kuhifadhia vitu karibu na barabara kuu, kufuli mbili. Rukia anasema mama yuko Muheza, hayumo kwenye mashine ile. Yeye hakuisikia.

Siku hizi simwitiki mtu. Wafanyakazi wanasema bosi amepandisha mabega. Waache waseme. Rukia akinitaka huja mbele yangu, ananishika bega. Na wewe unayesoma, kitu chochote kikikuita jioni, hata kwa jina alilokupa mama yako, nyamaza mpaka umwone mdomo.

Mwezi uliopita mlinzi wa kile chumba alinipigia simu kwa ukali. Sheria hairuhusu mtu kulala mle, na kila jioni akipita na kuuliza kama kuna mtu, ndani kwangu kuna mwanamume anaitika kwa lugha asiyoijua. Wakanitoza faini ya mia na hamsini. Nililipa bila ubishi. Ukijumlisha na kodi ya miezi ishirini na sita, tisini na nne kila mwezi, mpaka leo fundi yule wa bure amenigharimu dola elfu mbili, mia tano, tisini na nne.