Kitabu Alichokula Ng'ombe wa Shosho

Karibu, vuta kile kiti. Kwanza niondolee hivyo vitabu juu yake, uviweke pale kando ya ukuta, juu ya vile vingine. Usiogope, haviangukii mtu. Nakuona unavihesabu kwa macho. Mume wangu naye huvihesabu kila akitoka kazini, halafu huniuliza kama vile vya jana vimezaa. Keti nikueleze polepole, usije ukaondoka ukidhani nimepagawa.

Kwa miaka mingi sikuwa nikisoma. Nilikuwa nikisoma simu, kama wewe: ujumbe wa chama chetu cha akina mama, ugomvi wa watu nisiowajua, picha za keki. Nikishika kitabu, nikifika ukurasa wa pili nimeshasahau wa kwanza. Nilijiambia ni macho yamechoka. Kisha mapema mwaka huu kisigino cha kiatu changu kiling'oka nikiwa mjini Nakuru, nikaketi kwa fundi wa viatu kando ya barabara, mguu mmoja mtupu juu ya katoni, na simu imezima. Jirani yake alikuwa mzee mmoja aliyetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Nikaokota kimoja nipitishe muda. Sikujua muda ulipitaje.

"Madam, kiatu iko tayari kitambo," fundi akaniambia.

"Wacha mathe asome, boss," mwenye vitabu akamjibu. "Akifika katikati lazima anunue."

Nilikuwa nimeshapita katikati. Nilinunua hicho na vingine vinne. Wiki iliyofuata nilirudi na kiondo. Tangu siku hiyo sijapita pale mikono mitupu, na ndiyo sababu leo umekosa mahali pa kuketi.

Lakini kilichonishika pale kwa fundi hakikuwa kigeni. Nilikijua. Nilikuwa nacho nikiwa darasa la sita, na nusura kitutoke darasa zima kwa kosa langu. Hilo ndilo nataka kukusimulia.

Nililelewa na nyanya yangu, ambaye kila mtu alimwita Shosho, nje kidogo ya Njoro. Upande mmoja wa boma letu ulikuwa shamba la ngano la mtu mwingine. Wakati wa mavuno mashine ilinguruma huko kutwa nzima, na makapi yalitua mpaka kwenye chai. Shosho alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi mwenye madoa meupe. Maisha yetu yalimfuata yeye. Alfajiri niliamshwa na sauti ya maziwa yakigonga ndoo, kwanza kavu na kali, kisha nzito kadiri ndoo ilivyojaa. Tulikunywa chai na viazi vitamu vilivyobaki jana, nikapeleka mkebe wa maziwa barabarani, kisha shule. Jioni nilikata nyasi za nepia, nikajaza hori, nikachota maji. Mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo ya nepia mwaka mzima.

Shuleni tulikuwa na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya hadithi, na nikwambie ukweli, pale kwetu hapakuwa na vingine ambavyo havikuhusu mtihani. Ijumaa, somo la mwisho likiisha, mwalimu wetu alilifungua. Kifuniko kililia kama mlango wa posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi, na darasa la watoto zaidi ya arobaini likanyamaza. Kila mmoja aliazima kimoja. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, kitabu lazima kifunikwe. Pili, kikipotea au kikiharibika, sanduku linafungwa kwa wote mpaka aliyekiharibu alete suluhisho. "Vitabu ni vyenu nyote," mwalimu alikuwa akisema, "kwa hiyo na hasara ni yenu nyote."

Wenzangu walifunika vitabu kwa gazeti. Gazeti lilikuwa limechanika kufikia Jumatatu. Mimi nilitaka kufunika vizuri kuliko wote. Chumvi ya ng'ombe ilikuja katika mfuko wa karatasi ya kahawia, nene, yenye nguvu. Nikaukung'uta ule mfuko, nikaukata kwa makasi ya Shosho, nikakunja pembe vizuri. Mwalimu alikiinua kitabu changu juu darasa lione. "Hivi ndivyo kitabu kinavyovishwa," akasema. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa kikombe cha ushindi.

Labda wewe umeshaona mbele. Mimi sikuona.

Hadithi ilikuwa ya msichana aliyetumwa kupeleka unga kwa dada yake ng'ambo ya mto. Mvua ikanyesha, mto ukajaa, na punda akagoma kuvuka. Nilikuwa hapo hasa, punda amekaza miguu, nikisoma huku nikijaza hori. Nikakiweka kitabu ukingoni mwa hori nikachote maji. Niliporudi, ng'ombe alikuwa akitafuna polepole, macho nusu yamefumba. Alikuwa amelamba chumvi kwenye jalada, akaona hakuna haja ya kuishia hapo. Nilivuta, nikabaki na nusu ya kwanza, imelowa ute.

Shosho alikuja mbio kwa kelele zangu. Alitia mkono mdomoni mwa yule ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, akatoa kipande kimoja kisichosomeka. Akacheka hadi akashika nguzo. Kisha akaniona usoni, akaacha.

Jumatatu mwalimu alilifunga sanduku kwa kufuli. Hakunipiga, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu wenzangu waliona kazi ya kuniadhibu imebaki kwao.

"Ng'ombe yenu iko darasa la ngapi?"

"Muulize ile punda ilivuka ama haikuvuka!"

"Kesho mlete yeye shule, wewe ubaki ule nepia."

Hayo niliyavumilia. Lililonichoma ni Ijumaa, saa ya mwisho, tulipoketi sote tukilitazama sanduku, na msichana wa dawati langu akaanza kulia bila sauti. Alikuwa amengoja zamu ya kitabu fulani muhula mzima.

Jioni hiyo nilimwambia Shosho sitarudi shule. Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Hicho kitabu, ni wewe peke yako ulikuwa umekisoma?"

"La. Watatu walikisoma kabla yangu."

"Basi hadithi iko kwao. Nenda ukaichukue, uiandike. Na ukirudi, ng'ombe hajapewa maji."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu kimoja kuhusu wasomaji. Nikachukua daftari, nikaenda kwa msomaji wa kwanza, mvulana mrefu wa dawati la nyuma. Alisema punda hakuvuka kabisa. Msichana alimwacha, akavuka na unga kichwani. Wa pili, binti wa jirani yetu, alikasirika kusikia hivyo. Punda alitangulia, akasema, na msichana alishika mkia. Alikumbuka mkia vizuri kwa sababu uliandikwa kwamba ulikuwa na matope. Wa tatu alikuwa bingwa wa darasa, aliyejisifu kwamba amemaliza nusu ya sanduku. Alinivuta nyuma ya vyoo.

"Nikuambie, lakini usiniseme kwa mwalimu."

"Sikusemi."

"Sikufika mwisho. Nilirudisha haraka nionekane nimemaliza."

Kwa hiyo nilikuwa na miisho miwili na aibu moja. Niliwarudia wale wawili pamoja, chini ya ukuta wa ofisi, nikawauliza moja moja: unga ulilowa? Dada alisema nini? Walibishana, na katika kubishana wakakumbuka. Wengine wakasogea wasikilize. Wale wale waliokuwa wakinicheka wakaanza kutoa maoni kuhusu punda, maana punda sote tulikuwa tukiwajua. Kwa siku nne niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Punda alivuka, mwishowe, lakini si kabla ya msichana kuvuka kwanza peke yake na kumwita kutoka ng'ambo. Shosho alinishonea zile kurasa kwenye nusu iliyobaki, kwa sindano ya magunia.

Mwalimu alisoma mbele ya darasa, kimoyomoyo, kutoka mwanzo wa mwandiko wangu hadi mwisho.

"Sivyo kilivyoisha," akasema.

Nikanyoosha mkono anirudishie.

"Lakini kimeisha," akasema. Akatoa ufunguo.

Kifuniko kililia. Darasa likapiga makofi, halafu mvulana wa dawati la nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa mwalimu, punda ilifanya nini kweli?" Mwalimu akasema kwamba aliyekuwa na swali hilo alipaswa kusoma kwa makini mara ya kwanza. Mikono kumi na mmoja ilinyooshwa kukiazima kile kitabu kilichoshonwa.

Siku hizi ukienda kwetu hutapatambua. Lile shamba la ngano limekatwa viwanja, na mahali palipokuwa na hori pana hosteli ya wanafunzi wa chuo, ghorofa tatu, nguo zimeanikwa kwenye kila dirisha. Shosho alitutoka zamani. Mwalimu sijui aliko. Shule imejengwa upya kwa mawe, na nilipokwenda hivi karibuni nikauliza habari za sanduku, hakuna aliyejua ninazungumzia nini. Nilisimama pale uwanjani nikasikia uchungu ambao sikuutegemea kwa ajili ya bati.

Ndipo nilipoitazama vizuri nyumba yangu niliporudi. Vitabu chini ya kitanda, vitabu juu ya friji, vingi sijavifungua. Nilikuwa nimejaza sanduku kisha nikalifunga mwenyewe, wala hapakuwa na ng'ombe wa kumlaumu. Basi nimeamua. Sitaacha kununua, hilo mume wangu alishakata tamaa nalo. Lakini kila kilichomo humu nitakisoma hadi mwisho wake halisi, kurasa ishirini kila asubuhi kabla sijawasha simu, na nikikimaliza kinatoka mlangoni na mtu. Jirani wa juu ameshachukua vitatu. Askari wa geti amerudisha kimoja, na akaniambia mhusika mkuu alimkasirisha sana. Tumebishana pale getini hadi mwenye gari akapiga honi.

Haikuwa rahisi mwanzoni. Wiki ya kwanza akili ilitoroka kila baada ya aya mbili, kama ndama. Iite irudi, usiigombeze. Wiki ya tatu itakaa yenyewe.

Kwa hiyo usiondoke mikono mitupu. Chagua kimoja kwenye hilo rundo, kesho ukiamka usome kurasa tano kabla ya kugusa simu, na ukikimaliza, mpe mtu unayeweza kubishana naye.