Picha Niliyopigwa Nikipepeta Ulezi

Ile picha alinipiga mjukuu wangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemruhusu. Ulikuwa msimu wa ulezi, upepo wa Ufipa unakata masikio, nami nimesimama uani na ungo wangu napepeta. Vumbi la makapi limenipaka uso wote mweupe, kilemba kimeanguka, na macho yangu ni haya haya mekundu, mekundu tangu zamani kwa moshi wa kuni. Nilikuwa natisha. Najua natisha.

"Bibi, simama hivyo hivyo."

"Piga, lakini meno yasionekane," nikamwambia, maana yamebaki machache na kila moja linaishi kwake.

Akapiga. Akaandika maneno chini yake, akanisomea huku anacheka: "Rubani wangu akijiandaa na safari ya usiku." Nilicheka mpaka ulezi ukamwagika. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye ananiita mchawi, mimi namwita mke mwenzangu mvivu asiyejua kusonga ugali, naye ananijibu kwamba marehemu babu yake aliwahi mno kuoa, angemngoja yeye. Hakuna anayenuna. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini tuliuchukua utani wa uani tukauweka kwenye simu ambako kila mtu anaona, na huko hakuna anayejua nani ni bibi ya nani.

Acha nijisifu kidogo kuhusu huyu mtoto. Wazazi wake wako Matai wanalima, yeye anakaa kwangu hapa Sumbawanga ili asome. Yuko kidato cha tatu. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kufika huko. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, neno moja moja. Baba yake alimnunulia simu kwa ajili ya masomo, na kweli alikuwa anasoma.

Kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa mkeka. Tulikuwa kwenye sala ya jumuiya, kwa jirani. Nikakaa. Mama aliyekuwa pembeni yangu akakumbuka ghafla kwamba mtoto wake ana kiu, akaondoka, akarudi akakaa kwingine. Wa pili naye akasogea. Tulimaliza rozari nikiwa peke yangu katikati ya mkeka kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna aliyesema neno. Sisi Wafipa tuna adabu moja mbaya: jambo zito hatumwambii mwenyewe, tunamwamkia tu kwa sauti ndogo.

Namshukuru Mungu Wasukuma ni watani zetu, na mtani hafungwi mdomo. Yuko mama mmoja, familia yao ilihamia huku na ng'ombe zao, ndiye anayeniletea maziwa. Jumamosi ile alikuja akamimina, akaniangalia toka chini hadi juu.

"Wewe Mfipa, bado hujaruka tu? Watu wanakungoja uwanja wa ndege."

"Umekaa na ng'ombe mpaka umesahau kuongea na watu. Unasema nini?"

Akaacha kucheka. Akaweka ndoo chini.

"Dada, uko kwenye simu za watu. Na ungo wako. Wameandika wewe ni mchawi, na shule ya mjukuu wako wameitaja. Mwanangu ametumiwa na mtu wa Ilemba huko. Nimeanza na utani kwa sababu bila utani nisingeweza kulitoa."

Nikakaa kizingitini. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kuelezwa neno hilo linaishia wapi. Nikaangalia njia. Pikipiki ikapita, nikajikuta nimeshika mlango.

Halafu nikamkumbuka mtoto. Siku zile alikuwa hali chakula. Simu anaingia nayo mpaka bafuni. Nilidhani ana mvulana, nikawa namtania, "Mke mwenzangu, huyo bwana ana ng'ombe wangapi?" naye anageuza uso. Mimi nacheka.

Nilimkuta chumbani, ameketi kitandani na sare ya shule wakati ilikuwa Jumamosi. Nilitaka kupiga kelele. Nikazimeza.

"Mtani ameniambia kuhusu ile picha," nikasema.

Akaanza kulia bila sauti, machozi tu. "Bibi, nimekuua."

"Sijafa. Fungua hiyo simu unisomee."

"Siwezi kuyasoma mbele yako."

"Basi nipe nisome mwenyewe kwa kidole, tuone kama tutamaliza mwaka huu."

Akasoma. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma majina ya marehemu kanisani. Mjukuu wa mchawi. Msikae naye dawati moja, atawaroga. Mwulizeni jana usiku alitua wapi. Mwingine kaandika kwamba nyumba yetu anaijua, ile ya bati jipya, na kwamba anatafuta petroli, halafu kaweka vikatuni vya kucheka. Wengine walikuwa wanafunzi wenzake, majina yao yanaonekana. Wale sikuwaogopa sana. Nimewahi kuwapikia baadhi yao makande.

Kisha akafika pahali akaifunika simu kwa kiganja.

"Endelea."

"Bibi…"

"Nimesema endelea."

Huyu hakuwa na jina. Alijiwekea picha ya ua tu. Aliandika vizuri, kwa upole, kama mjomba. Alisema yeye anaweza kuifuta ile picha yangu kila mahali na kuwatuliza watu wasije nyumbani. Anachotaka ni mtoto amtumie picha zake mwenyewe, bila nguo. Mwisho Jumapili jioni. Asipotuma, basi yatakayompata bibi yake asimlaumu mtu.

"Nilikuwa nitume leo," akasema. "Nilikuwa nasubiri uende bombani. Wakuache, bibi."

Nimewahi kuona radi ikipiga nyumba yenye watu. Hata siku ile sikuogopa hivi. Mtoto alikuwa tayari kujivua nguo kwa mtu asiyemjua ili mimi nisiguswe, na kati yake na hilo jambo palikuwa na ndoo yangu ya maji tu.

"Umetuma hata moja?"

"Hapana."

"Niangalie."

"Hapana, bibi. Haki ya Mungu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba angevunja simu na kunirudisha Matai. Na wewe ungeogopa."

"Naogopa," nikamwambia. "Naogopa sana. Sasa tuogope wawili, kuliko wewe peke yako."

Tulimpigia baba yake, na alisema hivyo hivyo alivyotabiriwa. "Mama, vunja hiyo simu! Na yeye apande gari arudi, nimwonyeshe!"

"Utamwonyesha nini? Ameonyeshwa ya kutosha. Ile picha iko kwenye simu za watu, hizo nazo utazivunja? Huyu mtoto hapandi gari. Hakufanya kosa, amefanyiwa."

Kisha sauti ikawa ya yule kijana wangu wa zamani aliyekuwa anaogopa giza. "Mama. Mfunge milango."

Jumapili baada ya misa tulikwenda nyumbani kwa mwalimu wake wa malezi, mwanamke mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Akaniamkia shikamoo, akatuweka ndani, akasoma yote bila kukunja uso. Akamwambia mtoto kwamba huyu mtu akipewa picha moja atataka ya pili, na ya pili ndiyo atakayomtishia nayo ili apate ya tatu, hawa hawashibi. Akasema asitume kitu. Asimjibu. Asifute hata ujumbe mmoja, hata ule wa aibu, maana huo ndio ushahidi. Wakaupiga picha wote palepale. Baada ya hapo ndipo amfungie, asiweze kumtumia kitu tena. Na Jumatatu tungekwenda wote watatu polisi, dawati la jinsia na watoto.

Nikamwuliza, "Na akija kweli leo jioni?"

Hakunidanganya. Alisema sijui, bibi, waambieni majirani. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kupita nyumba hadi nyumba za watu waliohama mkeka wangu. Yule mama wa maziwa alikuja bila kuitwa, na vijana wake wawili na fimbo zao za kuchungia, wakakaa uani.

Jioni ilipoingia simu ilikuwa mezani. Mtoto alikuwa bado hajamfungia. Alisema anataka aione ile saa ikipita, ndipo aamini. Sikumkatalia. Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Mkono wake ukaenda wenyewe. Nikaukamata, ulikuwa baridi kama jiwe la kusagia asubuhi.

"Anasema, sawa, mmetaka wenyewe," akasoma.

"Yapige picha hayo maneno. Halafu mfungie."

Akafanya. Tukasubiri tukisikiliza pikipiki. Hakuna aliyekuja.

Jumatatu polisi waliandika, walichukua namba ya yule mtu, wale wanafunzi wenye majina waliitwa shuleni na wazazi wao. Mmoja alikuja kwangu na mama yake kuomba radhi, hakuweza kuniangalia machoni. Yule mwenye picha ya ua hajajulikana hadi leo. Hilo ndilo linaloniamsha. Anaijua nyumba yetu, analijua bati letu. Nikienda dukani vijana wananiamkia shikamoo bibi, naitika marahaba, na kila anayeniamkia namwangalia vidole, kama ndivyo vilivyoandika.

Mtoto anasoma. Ile picha bado inazunguka. Wiki iliyopita ilirudi tena kutoka kwa mtu asiyetufahamu kabisa. Akirudi shule namwekea chakula, nasubiri ale, ndipo namwuliza wamemtumia nini leo. Siku nyingi ananijibu, "Hamna kitu, bibi." Namwambia sawa, lakini fungua. Anafungua, anaanza toka juu, anasoma yote kwa sauti, mpaka na matangazo ya vocha, nami nasikiliza kila neno.