Magazeti ya Dunia Nzima

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza kubeba magunia bandarini nina miaka kumi na minne, darasa la nne likiwa la mwisho kuniona, na leo nina malori sita yanayolala kwenye yadi yangu mwenyewe pale Magongo. Nimeona tajiri akifilisika baina ya Ijumaa na Jumatatu. Nimeona kontena likifunguliwa, ndani mna mawe matupu. Kwa hivyo wenzangu waliponifanya mwenyekiti wa chama chetu cha kutetea viwanja kule Likoni nilikozaliwa, sikuona ajabu. Wangemchagua nani mwingine?

Chama kilikuwa na chumba kimoja, kompyuta moja na katibu, mwalimu mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Mwaka huo tulipokea shauri la mama mmoja mjane. Huyu mama namjua. Nilipokuwa mchukuzi alikuwa akiuza mahamri, na siku nisipopata kazi alinipa mbaazi na mahamri mawili bila kuniuliza. Sasa mtu amejitokeza na hati, anadai kiwanja alichojenga marehemu mumewe, na amri ya kubomoa inaombwa mahakamani. Faili la ofisi ya ardhi halionekani. Karatasi za mama zimeliwa na mchwa. Alichobaki nacho ni kumbukumbu: mwaka ule mumewe alipoomba hati, tangazo lilitoka gazetini, lina jina lake na nambari ya kiwanja. Wakili akasema ukurasa huo ukipatikana, hakimu atakuwa na sababu ya kuizuia amri.

Gazeti lenyewe lilishakufa zamani. Lakini zipo kampuni mtandaoni zilizohifadhi magazeti ya zamani. Chama kinalipa ada ya mwaka, kinapewa neno la siri, kinatafuta kinachotaka. Siku ya mahakama ilikuwa wiki nne mbele.

Mwalimu alileta kampuni mbili mbele ya kamati. Ya kwanza ilikuwa na magazeti ya dunia nzima, maelfu, ya nchi ambazo hata majina yake sijapata kuyasikia. Ya pili ndogo, ina magazeti machache ya huku kwetu, kila ukurasa umepigwa picha kama ulivyo. Hiyo ndogo bei yake elfu arobaini na tano tu. Nikasema rahisi huvunja upishi.

"Mwenyekiti," akasema Mwalimu, "zote mbili zinatupa wiki mbili bure. Tulitafute hilo tangazo kwanza. Tutakakoliona, ndiko tulipie."

Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kuonja tende kila meza kisha nikaondoka nikijifuta vidole. Kwetu mtu wa namna hiyo wauza tende humwekea jina.

"Tende ukikosea unatema, Mwenyekiti. Hapa pana nyumba ya mtu."

Mweka hazina, mzee mwenye mzaha, akamwambia aniache, kwani hata malori nanunua bila kufungua boneti. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Uongo huo, lori mimi nalala chini yake siku nzima kabla sijatoa shilingi. Lakini lori nalijua. Kompyuta siijui, na sikutaka mtu aone siijui. Basi nikafanya ninachokijua: nikampigia muuzaji wa ile kubwa, nikavutana naye bei kutoka laki na elfu sitini hadi laki na elfu ishirini, nikarudi kwa kamati kama niliyevua papa. Fedha za chama zikalipwa siku hiyo hiyo.

Mwalimu alitafuta siku kumi. Habari za mwaka ule zilikuwepo, tena nyingi: mawaziri, mipira, bei ya kahawa. Matangazo hayakuwepo hata moja. Nikampigia muuzaji. Akanieleza kwa adabu kwamba wao huchukua habari peke yake, kurasa za matangazo huziacha, na kwamba tungejaribu zile wiki mbili tungeliona hilo mapema. Fedha hazirudi.

Sikumwambia mtu. Wala sikumwambia yule mama. Nilizoea kupita kwake nikitoka kwenye mkutano; nikaanza kupita njia ya chini. Wiki nzima ikapotea hivyo, nikitafuta namna ya kurekebisha mambo bila kuonekana nilikosea. Haikuwepo. Nikaenda kwa Mwalimu, nikampa elfu arobaini na tano zangu, nikamwambia alipie ile ndogo. Akaketi kwenye kompyuta. Saa moja haikutimia, ukurasa ukatoka, pembeni mna tangazo la mafuta ya kupikia na lingine la maziko.

Nikaushika mkononi hadi kwa mama. Nilimkuta ameketi juu ya kitanda chake, jua linampiga. Juu hakuna bati hata moja. Watu wa kwetu wakijua tingatinga linakuja, huyang'oa mabati wakayauza kabla, maana likishapita hayauziki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Nikamuuliza kwa nini hakungoja.

"Wiki nzima unapita njia ya chini," akasema. "Nikajua hamna kitu. Wanunuzi wamenichukulia mabati jana."

Nikauweka ukurasa mapajani mwake. Hajui kusoma. Akaniomba nimwonyeshe jina la mumewe lilipo, akaliwekea kidole, hakukiondoa. Nikamsomea tangazo lote, polepole, kwa hilo darasa langu la nne. Wallahi sijawahi kusoma kitu kirefu namna ile.

Hakimu aliizuia amri. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya wanachama, nikaeleza kwamba Mwalimu alinionya na mimi ndiye niliyekataa. Nikarudisha fedha za chama. Ile kampuni ndogo niliilipia mimi. Nikamwezekea mama nyumba yake: mabati mapya, mbao, misumari na fundi. Jumla ilinigharimu shilingi laki mbili, elfu tatu, mia saba na hamsini.