Robo ya Juu, Upande wa Nje

Chuo kikuu nilisoma jiografia. Nalitaja hili mapema kwa sababu katika ukoo wetu mtu akisoma kitu kimoja huhesabiwa amesoma vyote, na ndiyo maana mguu wa dada yangu ulipolala, kesi niliachiwa mimi.

Mguu wenyewe upo, haukukatwa. Dada alikuja Kismayo kutoka kisiwani Chovai na maumivu ya kiuno, akaenda kliniki ya daktari mmoja kijana mtaani kwetu, akadungwa sindano ya maumivu. Alisema moto ulimshuka kutoka makalioni hadi vidoleni kabla sindano haijachomolewa. Akatoka pale akiburura unyayo. Ukimwambia inua vidole, alikaza uso, shingo na mabega, na vidole vikabaki vilivyo kama vya mtu mwingine. Chovai huingii mashuani ila kwa kukanyaga maji na mawe, na asiyeweza kuinua unyayo hubebwa. Dada yangu hajazoea kubebwa. Ana watoto watano na sauti inayofika kisiwa cha pili.

Kesho yake daktari alikuja nyumbani kumtazama mgonjwa, akafuatana na ami yake, mzee mwenye ndevu za hina anayewasemea watu wa ukoo wao. Mimi nilikuwa kazini nikifundisha vijana kusoma ramani. Mama aliwapokea sebuleni. Dada alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Walileta sukari na tende, wakanywa chai, na walipokuwa wakiaga daktari akasema, "Mama, mtusamehe." Mama akajibu kama angejibu mtu yeyote wa pwani hii aliyeletewa sukari: "Tumesamehe, mwanangu. Ni kadari ya Mungu."

Wiki ya pili mguu ulikuwa vilevile. Mama akamwita fundi wa kuchoma wagonjwa kwa chuma cha moto, kama wafanyavyo wengi hapa tiba nyingine zikichelewa. Fundi akaacha alama tatu za mviringo kwenye muundi wa dada, chini ya goti, akaenda zake. Nilipoziona nilitoa hotuba fupi kuhusu sayansi. Mama aliisikiliza yote, kisha akaniuliza kama sayansi ile iliyomdunga binti yake ilikuwa nyingine.

Nilikwenda kwa rafiki yangu tabibu, mtu wa kliniki nyingine. Alifunga mlango, akageuka, akanionyesha kwa kiganja juu ya suruali yake mwenyewe. Gawanya kalio mafungu manne, alisema. Sindano huingia robo ya juu, upande wa nje. Ukiteremka, au ukiingia ndani, unakutana na mshipa wa neva mnene kama kidole unaoshuka mguu mzima. Mshipa uliojeruhiwa huweza kupona, lakini upimwe mapema, na unyayo ufungwe kifaa cha kuushikilia usiendelee kuning'inia, la sivyo misuli nayo inakauka. Mashine ya kupimia haikuwepo hapa. Ipo Mombasa.

"Basi njoo uyaseme haya mbele ya wazee," nilimwambia.

"Mimi sijasema kitu," alisema, akafungua mlango. "Nilikuwa najikuna."

Sikumlaumu. Mji wetu una madaktari wachache na harusi nyingi, na wote hukutana.

Nyumbani nikafanya anachofanya kila msomi aliyekosa msaada: nilisoma kwenye simu. Nilijifunza kwamba kosa la tabibu huthibitishwa kwa nguzo nne. Kwanza, alikuwa na wajibu kwako. Pili, alitenda chini ya kiwango cha tabibu mwangalifu. Tatu, kutenda huko ndiko kulikosababisha madhara, wala si jambo jingine. Nne, madhara yapo. Nilizipenda sana nguzo hizi. Nilizikariri nikioga. Mahakama ipo, lakini mshipa haungoji tarehe ya kusikilizwa, na watu wa daktari nao walitaka yaishe kwa wazee. Tukakubaliana sheikh mmoja awe mwamuzi, kila upande ukaridhia.

Tulikaa baada ya alasiri katika duka la magodoro la sheikh mwenyewe. Upande wa daktari walijaa magodoro mawili makubwa. Upande wetu tulikuwa mimi, mama na dada, na godoro la mtoto. Wengine wetu wote wako Mombasa, au kwenye kambi za wakimbizi, au Ulaya, ambako hutuma maoni kwa sauti ndefu za simu.

Nikasimama, nikaeleza nguzo nne. Nadhani nilieleza vizuri. Nilipofika ya tatu sheikh aliniomba kwa upole nikae.

"Mwalimu, hizo tutazikuta njiani," alisema. "Sindano iliingia wapi?"

Hapo nguzo zangu zote ziliishiwa na kazi. Jeraha lilikuwa mahali ambapo hakuna mwanamume hata mmoja dukani mle ambaye angeweza kupatazama, wala dada asingepaonyesha. Waliopaona ni mama na majirani wawili wa kike waliomkanda kwa maji ya moto. Ami wa daktari akasema kwa heshima kwamba maneno ya wanawake kuhusu mahali pasipoonekana ni mazito kuyapima.

Mama akainuka. Alitembea hadi kwenye rafu, akavuta mto wa mraba, mpya, ungali ndani ya nailoni, akauweka mbele ya sheikh.

"Hili ndilo," alisema kwa lahaja ya visiwani, ambayo mtu huitwa mchu. "Kulia. Huku juu, kiunoni. Huku chini, anapokalia mchu." Kwa ukucha akachora msalaba juu ya nailoni, kisha akaweka kidole robo ya chini, upande wa ndani. "Weusi ulikuwa hapa. Mpana hivi. Waulize na wale wawili, mmoja mmoja, wasisikizane."

Majirani wakaitwa, wakaulizwa nyuma ya duka na mke wa sheikh, kila mmoja na mto wake. Vidole viliangukia robo ileile. Daktari, ambaye hadi hapo hakuwa ametia neno kwa kuwa mwenye kosa hasemi panapo wakubwa wake, alikuwa akiutazama ule mto wa kwanza kama mwanafunzi anayetazama karatasi ya mtihani iliyorudishwa.

Ami hakuyumba. Alikuwa mtu hodari, na kusema kweli alizijua nguzo nne kuliko mimi, ingawa hakuwahi kuzisikia. "Tuseme weusi ulikuwepo," alisema. "Sindano zote huacha weusi. Nani anajua mguu ulikufa kwa sindano? Nyote mnaona alama za moto. Muundi umechomwa mara tatu. Fundi wenu ndiye aliyeua mshipa, kisha mnamfuata daktari kwa kuwa ana jengo."

Nilitazama alama zile, zinazoonekana na kila mtu, kinyume na lile jeraha lenyewe, nikaona kesi ikizama palepale.

"Na zaidi ya hayo," aliendelea ami, "jambo hili lilikwisha siku ya kwanza. Tulikwenda kumtazama mgonjwa. Mama huyu alitusamehe kwa kinywa chake. Mimi ni shahidi. Mgonjwa alikuwa nyuma ya pazia, akanyamaza. Na kimya cha mwanamke, sheikh, wewe unakijua kuliko sisi. Mwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, ameridhika."

"Ieleze siku hiyo," sheikh alisema. "Tangu mlipopiga hodi."

Ami aliieleza kwa raha, kwa sababu ilikuwa hadithi ya adabu za kwao. Walipiga hodi mara ngapi, walivaa nini, sukari ilikuwa ya aina gani. "Kijana wetu amelelewa," alisema. "Hata ndara ya mgonjwa iliyobaki kliniki, mtumishi alitaka kuileta, yeye akakataa. Aliibeba kwa mkono wake, daktari mzima, akaiweka mlangoni."

"Ndara moja?" aliuliza sheikh.

"Moja. Ya kulia. Ilibaki kwenye ukumbi wa kliniki."

Sheikh akamgeukia dada. "Binti yangu, ulitoka kliniki na ndara moja, hukujua?"

"Ningejua ningeiacha, sheikh? Ilikuwa mpya." Watu walicheka, hata magodoro ya upande wa pili. "Nilifika nyumbani mama ndiye aliyeniuliza, yuwapi mwenzake. Sikuwa nasikia kitu chini ya goti."

"Na fundi wa moto alikuja lini?"

"Wiki ya pili," mama alisema. "Hawa walikuwa washakula tende zao wameondoka."

Ami alipitisha kidole kwenye ndevu zake. Nadhani aliona mlango alioufungua, lakini kuukana wema wa mwana wa nduguye mbele ya ukoo lingekuwa jambo zito kuliko kushindwa. Mguu uliokwisha kufa ganzi hata usihisi ndara ikichomoka ulikuwa umekufa ganzi mle mle kliniki. Nguzo ya tatu ikasimama, na aliyeisimamisha ni wakili wa upande mwingine, kwa kujivunia adabu.

"Basi msamaha," ami alisema. "Msamaha bado upo."

"Huyo mwari uliyemtaja," dada alisema, "hunyamaza kwa haya. Mimi nilinyamaza kwa vidonge vyenu. Nilikuwa nakoroma. Na mwari gani, ami yangu, mwenye watoto watano?"

Sheikh aliinamisha kichwa kuficha kicheko, kisha akasema kwamba mama anaweza kusamehe lililo lake, na mwili una mwenyewe. Akamwuliza dada anataka nini.

Mimi nilijua jibu. Tulikuwa tumeliandaa: daktari akiri kosa mbele ya watu, liandikwe, lisainiwe. Nilikwisha kufikiria hata aina ya sentensi.

"Nataka mguu utazamwe na mchu anayeujua, kabla haujakauka," dada alisema. "Anipeleke Mombasa yeye mwenyewe, apange na hao wenziwe. Tukiondoka, nimemsamehe. Sitaki aseme kitu hapa."

Nilimshika mkono. Akauondoa. "Wewe kaka una miguu miwili," alinong'ona, "ndiyo maana wataka karatasi."

Ikapita hivyo. Sheikh hakutamka nani mkosa; hakukuwa tena na haja. Rasmi, hadi leo, hakuna aliyekosea.

Kwa watu wenye pasi kama zetu safari ya Mombasa ni kazi, lakini daktari aliifanya haraka kuliko nilivyotegemea. Nilikwenda kama maharimu wa dada, mwanamume wa nyumbani wa kumsindikiza. Bingwa wa neva alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alichomeka visindano vyembamba mguuni kwa dada, akatazama mistari ikirukaruka kwenye kioo, akavua miwani.

"Mshipa umeumia, haujakatika," alisema. "Nahitaji kujua ilikuwa dawa gani, na iliingia wapi. Nani alidunga?"

Nilifungua kinywa, nguzo zote nne zikiwa tayari.

"Mimi," daktari alisema. Alikuwa amesimama karibu na mlango. Alitaja dawa na kiasi chake. "Niliingia chini mno, na ndani mno. Aliporuka sikuchomoa. Nilisukuma mpaka ikaisha."

Hilo la mwisho hakuna kati yetu aliyelijua. Bingwa aliandika bila kuinua uso. Nilimtazama dada, nikitegemea sijui nini. Machozi labda, au ile sauti yake.

"Mwulize kama nitapanda mashua mwenyewe," aliniambia.

Bingwa alisikia. Akavuta kiti hadi mbele yake, akaushika unyayo kwa mikono miwili. "Inua kidole gumba," alisema. "Polepole. Usitumie shingo." Dada akalegeza mabega, akashusha pumzi, na sisi wanaume watatu tukainama kutazama kidole.