Furungu la Bi Zamzam

Katika ukoo wa Bi Zamzam wa Kipungani, mkeka wa bibi arusi haupandi punda. Nyanya yake huusuka, akajitwika, akaupeleka kwa miguu hadi nyumba ya arusi. Lakini mwaka juzi baridi yabisi ilimfunga magoti, mkeka wa mjukuu wake wa kwanza ukaenda juu ya punda, naye akifuata juu ya punda wa pili. Hakuna aliyemcheka. Walimhurumia, na hilo ndilo lililomuuma. Sasa ilibaki miezi minne kabla ya arusi ya Huwaida, mjukuu wake wa mwisho.

Bintiye Lubna, muuguzi mjini Amu, alimletea saa ya kuhesabu hatua. "Viungo visipotembezwa hukaza, mama. Ongeza kidogo kidogo. Goti likivimba, pumzika."

Wiki iliyofuata Bi Zamzam alimnyooshea mkono kwa fahari.

"Elfu sita!" Lubna akashangaa. "Umekwenda wapi?"

"Popote sikwenda. Nimekaa hapa barazani, nasuka ukili."

Jirani yao, Bi Mwana, alicheka hata miyaa ya kusukia ikamponyoka. "Shoga, umefika Shela kwa vidole!"

Saa ilikuwa imehesabu kila mpindo wa mkono. Bi Zamzam aliivua, akaifunga kifundoni mwa mguu. Kesho yake magharibi ilisoma hatua mia tatu na kumi na mbili.

"Tazameni, kavaa furungu kama mwari!" Bi Mwana akatania.

"Heri furungu langu. Ulimi wako wewe wataka pingu."

Tangu hapo, baada ya sala ya alfajiri, kabla mchanga haujapata moto, alitembea: kwanza hadi kisimani, kisha hadi madrasa. Siku ambazo magoti yalivimba alikaa akasuka. Mwezi wa tatu alitimiza hatua elfu mbili. Lubna alikuwa ameipima njia ya arusi: elfu mbili na mia nne.

Siku ilipofika, Bi Zamzam alijitwika mkeka. Nyuma yake Bi Mwana alimvuta punda, kwa tahadhari. Penye mchanga mzito goti lilimuuma, akasimama.

"Panda, shoga. Nani atakulaumu?"

"Yeo, siku ya Huwaida? Mpande wewe, unahema."

Akavuta pumzi, akauweka mkeka sawa, akaendelea.

Vigelegele vilimpokea mlangoni. Lubna aliinama aisome saa, mama yake akamzuia. "Wacha. Ndia niliyopita naijua." Akautandika mkeka kwa mikono yake mbele ya Huwaida.

Bi Mwana alifika baadaye kidogo, juu ya punda.