Zinagusana, Hazijaungwa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilimaliza darasa la saba nikaenda kupasua mbao Mafinga, na huko nimeona msumeno ukila vidole vya mtu, mwenyewe akauliza kwanza kama gogo limepona. Kwa hiyo siku ya kwanza naingia maabara ya kituo cha utafiti pale Iyunga, Mbeya, mama aliyekuwa Mkuu wa Maabara akaniambia anataka nimchongee protini, sikushtuka. Nilimuuliza tu, "Ya mbao gani?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa nimeitwa kurekebisha rafu. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa na kazi, na zile rafu mpaka leo sijui nani alizitengeneza.

Ninyi vijana mnafungua kompyuta, protini inazunguka yenyewe, mnadhani mmeielewa. Sikilizeni. Protini ni mnyororo. Kila pingili yake ni asidi amino, na ikishafungwa kwenye mnyororo wasomi wanaiita residyu. Mimi niliiita shanga, na haukupita mwaka madaktari wote pale wakawa wanasema shanga. Mnyororo huo haukai umenyooka. Unajikunja kama kamba iliyotupwa ndani ya ndoo, ila unajikunja vilevile kila mara, na humo ndani shanga ya kumi inaweza kujikuta ubavuni mwa shanga ya tisini. Huo ndio mgusano. Migusano ndiyo inayoishika protini isifumuke. Ukiijua yote, unajua pa kuibomolea.

Nilikuwa napewa orodha ya namba tatu tatu, mahali pa kila shanga: upande, mbele na juu. Nakereza shanga za paini, nazifunga kwa waya, nazikunja mpaka kila moja ikae kwenye namba zake. Kipimo chao kinaitwa angstromu, kidogo hakuna jicho la kukiona. Kwangu angstromu moja ilikuwa sentimeta moja. Kisha nikachonga kijiti cha sentimeta nane kamili. Kikifika toka katikati ya shanga hii mpaka katikati ya ile, hizo zinagusana. Kisipofika, hazigusani. Kila jozi naiwekea nukta kwenye karatasi ya miraba, namba chini na namba pembeni, na karatasi hiyo ndiyo ramani ya migusano. Shanga zinazofuatana kwenye mnyororo hatukuzihesabu, maana ndugu wa tumbo moja kukaa pamoja siyo habari.

"Fundi," yule mama aliniambia, "kompyuta itahesabu migusano yote kwa dakika moja. Lakini ikikosea haioni aibu. Wewe utaona."

Neno hilo nimelishika maisha yangu yote, isipokuwa mara moja, na mara hiyo ndiyo ninayotaka kuisema.

Walinipeleka Iringa miaka mitatu, kwenye chuo, nikafundisha kijiti changu kwa watu wenye digrii mbili mbili. Kompyuta nilijifunza hukohuko, kwa kumtazama mtu mabegani mpaka akachoka akaniachia kiti. Niliporudi Iyunga nilikuwa nakosoa orodha ambazo wenzangu walizisaini bila kuzisoma. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Yule mama alikuwa amestaafu, na kwenye kiti chake alikaa Mkuu wa Kitengo mpya aliyeniita Seremala. Siyo Fundi. Seremala, kwa namna mtu anavyosema kinyesi.

Kazi iliyokuja ilikuwa protini ya ukungu unaoozesha viazi kule Kilolo. Mkuu wa Kitengo alitaka kujua mgusano gani unaishikilia, ili aubomoe, na baadaye itafutwe dawa ya kuubomoa shambani. Kazi ya mikono alipewa Tumaini, binti wa Kilolo, ambaye mama yake analima viazi hivyohivyo. Kila asubuhi alinikuta benchini, akanisalimu kwa salamu ya kwao. "Kamwene, Baba." Nami, "Kamwene, mwanangu." Alikuwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Sasa muelewe kitu kimoja. Ili protini ionekane, kwanza inagandishwa iwe kristali, kama punje ya chumvi, na ndani ya punje hiyo nakala za protini hupangwa zimebanana. Faili letu lilikuja na nakala mbili, A na B. Kompyuta ikatoa migusano. Mkuu wa Kitengo akaipenda jozi moja kuliko zote: shanga ya 61 na shanga ya 148. Nami nilitazama herufi. Ile 61 ilikuwa ya A. Ile 148 ilikuwa ya B.

Nilimwambia mbele ya watu, maana aliniuliza mbele ya watu kama orodha iko tayari.

"Daktari, hiyo jozi siyo ya ndani. Ni kama mbao kwenye lori. Zinagusana, hazijaungwa. Ukishusha mzigo, kila ubao unakwenda nyumba yake."

"Seremala," akasema bila kuinua macho, "habari za malori zina stendi yake. Nenda kazungumzie huko."

Wawili wakacheka. Mmoja wao nilimfundisha mimi kushika kijiti.

"Sawa, Daktari," nikasema. Nikarudi benchini, nikajiambia, waache wajionee.

Walijionea miezi minane. Niseme vizuri: alijionea Tumaini. Alibadilisha shanga ya 61, kama alivyoagizwa, atengeneze protini isiyo na ule mgusano. Ilitakiwa ilegee ife. Haikulegea. Ilifanya kazi yake kama ile ya asili. Akaambiwa arudie, akarudia mara tano. Nilikuwa namwona anaosha vyombo vilevile, vidole vimechubuka kwa sabuni, nami napita nasema, "Pole, mwanangu."

Pole. Jibu lilikuwa mfukoni mwangu, nikampa pole.

Mwezi wa tisa Mkuu wa Kitengo akaandika kwamba tatizo ni mikono ya fundi sanifu wake, Tumaini, haina usafi wala umakini, na mkataba usiongezwe. Kikao cha Mkurugenzi wa kituo kikapangwa baada ya wiki mbili. Tumaini alinionyesha barua. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, nakosea wapi?"

Hapo hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaomba likizo, nikaenda Mafinga, nikakodi mashine ya kukereza, nikachonga nakala mbili nzima, shanga mia mbili na kumi na mbili kila moja. Moja niliiacha rangi ya mbao, nyingine nikaipaka nyekundu. Nilizirudisha Mbeya kwa basi, nikazikatia tiketi ya kiti kila moja.

"Mzee, hawa wanao wana miaka mingapi?" konda akauliza.

"Wamekuzidi adabu. Kata tiketi."

Kikaoni sikuomba ruhusa. Nikaziweka mezani zimebanana kama zilivyo kwenye kristali, nikaweka kijiti changu kati ya 61 ya mbao na 148 nyekundu. Kikaenea. Nikawaonyesha wote. Kisha nikaziachanisha kwa mikono miwili, hii kule, hii huku.

"Sasa mniambie, ipi imefumuka?"

Mkurugenzi akainuka, akaizunguka meza, akajaribu kijiti mwenyewe ndani ya ile ya mbao, kutoka 61 mpaka 148. Hakikufika hata nusu ya njia.

"Daktari," akamwambia Mkuu wa Kitengo, "herufi za nakala ziko wapi kwenye ripoti yako?"

"Niliziondoa ili jedwali lisomeke."

"Mkataba wa Tumaini uongezwe." Akanigeukia. "Fundi, hili umeligundua lini?"

Nami, kwa kifua mbele, maana nilikuwa nimeshinda, nikajibu, "Wiki ya kwanza, Mkurugenzi. Nilisema, nikafukuzwa."

"Ulimwambia yeye. Mimi je?"

Mimi, mtu ambaye hashangazwi, nilisimama pale na kijiti mkononi, nikagundua kwamba hilo swali sikuwahi kujiuliza.

Nje Tumaini alinisubiri. "Baba, zile siku za pole, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani kuosha vyombo. Kesho yake asubuhi akapita benchini. "Shikamoo, Fundi." Hivyo tu, kama anavyomsalimu mlinzi wa getini. Ile kamwene haikurudi.

Mwisho wa mwaka niliandika barua nikaacha kazi, kabla ya umri wangu wa kustaafu. Mkuu wa Kitengo yupo palepale, na nasikia anafundisha wanafunzi kwa mfano wa mbao kwenye lori kana kwamba amewahi kushusha hata ubao mmoja. Nikimfikiria, chai inanikaa kooni. Lakini nikikaa sana huku Mafinga, nilikorudi kuchonga milango, siyo yeye anayenikaa kooni. Yeye alikuwa mjinga, na ujinga wake aliuandika akausaini. Mimi nilikuwa najua. Mtu alininyima heshima, nikaamua kumlipa kwa kunyamaza, na malipo yakatoka kwenye vidole vya binti wa watu.

Kwa hiyo someni herufi za nakala, vijana. Na mkifukuzwa kwenye mlango mmoja, hesabuni milango iliyobaki. Wa Mkurugenzi ulikuwa hatua ishirini toka benchini kwangu, na wiki ile ya kwanza ningeugonga bila kulipa senti. Kuugonga mwezi wa tisa, ukijumlisha mbao, waya, rangi, mashine ya kukodi na viti vitatu vya basi, na ile kamwene nikiiacha nje kwa kuwa haina bei, kulinigharimu shilingi laki moja tisini na nane elfu na mia tano.