Bata wa Bi Mina

Kila Machi sisi wapenzi wa filamu zilizosahauliwa hukutana kwenye ukumbi wa hoteli mjini Syracuse, tukala donati na kutazama vichekesho vya enzi zile filamu zilipoanza kusema. Ni vibovu, nami navipenda kupita kiasi. Siku hizo maikrofoni ilifichwa ndani ya chombo cha maua, basi waigizaji wote huyainamia maua wakizungumza, hata wakigombana. Maua yakitokea tu, sisi tunayapigia makofi.

Mwaka huo alikuja Bi Mina Strack, mshonaji mstaafu, pamoja na wifi yake, Hazel. Ujanani Mina aliigiza mtumishi katika filamu moja, akasema sentensi moja. Hazel alikuwa akimwambia tangu harusi yake kwamba huo ni uongo. Sasa nakala ilikuwa imepatikana katika gereji ya mtu, na Mina hakuweza kumeza hata donati.

Picha ikaanza. Matajiri wako mezani wanangoja bata, vichwa vyote kwenye waridi. Tukapiga makofi. Mlango ukafunguka, Mina huyo, kiuno cha nyigu, akafumbua kinywa. Tulisikia mkwaruzo wa mkanda tu. Mwenye nyumba akajibu, "Vilete upesi, kabla navyo havijapata akili." Hakuna aliyecheka, maana hatukujua vilete nini.

"Si nilisema," Hazel alimwambia wifi yake. "Bubu mtupu."

Roho iliniuma. Mina alinijia kwenye mashine ya filamu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha, akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Kisha akaenda mbele, akasimama kando ya pazia la picha na mkoba wake mkononi. Mlango ukafunguka tena, kinywa kikafumbuka, naye akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza ya kahawa:

"Bata katoroka, bwana. Viazi havikuwahi."

"Vilete upesi," akajibu mwenye nyumba, marehemu yule wa kwenye pazia, "kabla navyo havijapata akili."

Ukumbi mzima tulivunjika mbavu, hata maneno yaliyofuata hayakusikika. Hazel alicheka mpaka akavua miwani. Mina aliporudi kitini, Hazel akamuuliza kwa nini basi siku ile hakuyasogelea maua.

"Nilikatazwa, wifi," alisema Mina. "Maua yalikuwa ya matajiri."